Saa Moja Nje Kabla ya Magharibi

Mzazi wa mjini akiambiwa mtoto wake anahitaji kucheza nje, picha inayomjia ni ya bembea za rangi na kiingilio cha kulipia siku ya Jumapili. Anapiga hesabu ya nauli, soda na chipsi, anaona mfuko hauruhusu, na mtoto anabaki ndani na simu. Namwandikia mzazi huyo, hasa anayeishi nyumba ya kupanga Manzese, Mbagala au Buguruni jijini Dar es Salaam, ambako ua ni hatua chache tu kutoka mlango wa chumba hadi mlango wa choo. Bembea ni nzuri ikipatikana. Lakini kinachomjenga mtoto kiakili ni muda ambao hakuna mkubwa aliyeupangia kazi, watoto wenzake, kipande cha ardhi, na mtu mzima anayeonekana kwa mbali bila kuingilia. Hayo yote yanapatikana Manzese.

Kinachotokea ndani ya rede

Kaa kibarazani jioni uwatazame wasichana wakicheza rede, mchezo ambao Zanzibar huitwa nage. Warushaji wawili wamesimama kila mmoja upande wake, na mwenye zamu yuko katikati na chupa anayotakiwa kuijaza mchanga. Mpira ni soksi iliyoshindiliwa matambara. Binti wa miaka tisa anainama na kuchota mchanga kwa kiganja, macho yako kwa mrushaji wa mbele, masikio yanamfuatilia wa nyuma. Mkono ukinyanyuka anaiacha chupa na kuruka. Moyo unamdunda, mwili mzima umekaza, mpira unapita, anacheka. Mara yuko tena chini, anachota. Katika muda huo mfupi ameogopa, ametulia, amerudi kwenye kazi yake, na atarudia hivyo mpaka jua lizame. Mtoto aliyejua kwa mwili wake kwamba hofu hupanda na kisha hushuka hababaiki sana siku hofu ikimjia kwenye chumba cha mtihani au usiku kitandani. Anaijua, na anajua inapita.

Kisha linakuja zogo. "Umeguswa!" "Sijaguswa, umegusa gauni!" "Kwani gauni la nani?" Hakuna refa. Mchezo umesimama, na kila mmoja anajua kwamba wasipoelewana upesi wataitwa nyumbani wakaoshe vyombo. Hapo wanajifunza kushusha sauti, kumsikiliza mwenzao, na kukubali kutoka leo ili kesho wachezeshwe tena. Mkubwa akichomoza mlangoni na kuamua kesi ile, mchezo utaendelea, ila kazi waliyokuwa wakiifanya vichwani mwao ameikatiza.

Mchezo wa baba na mama unatibu kwa njia nyingine. Mtoto aliyechomwa sindano zahanati akirudi nyumbani atamtafuta mdoli wake wa gunzi, atamlaza, atamchoma kwa kijiti, kisha atambembeleza asilie. Kule yeye ndiye aliyeshikwa mikono; hapa ndiye daktari. Jambo lililomtisha analipitia upya akiwa mwenye amri. Hii ni sababu mojawapo ya mashirika ya watoto kuweka maeneo rafiki kwa watoto katika kambi za wakimbizi, ikiwemo Nyarugusu mkoani Kigoma: mtoto aliyekimbia vita anahitaji chakula na turubai, na anahitaji pia mahali pa kucheza ili akili ipate kuyapanga aliyoyaona.

Watafiti wameyafuatilia mambo haya kwa muda mrefu. Ellen Sandseter wa Norway aligawa michezo yenye hatari kidogo, ile ambayo watoto huitafuta wenyewe, katika makundi sita: kupanda juu, kwenda kasi, kutumia vifaa vyenye makali, kukaribia maji au moto, kukabana kwa mchezo, na kujificha au kupotea machoni pa wakubwa. Mwaka 2011, yeye na mwenzake Leif Kennair waliandika kwamba michezo hiyo humsaidia mtoto kuzizoea hofu za kimaumbile, na kwamba anayenyimwa anaweza kukua nazo. Mwaka huohuo Peter Gray, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza jinsi michezo huru ilivyopungua nchini mwake kwa zaidi ya nusu karne, huku wasiwasi na sonona vikiongezeka kwa watoto na vijana. Mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Hata hivyo, sababu alizozitaja za michezo kupungua tunaziona hapa kwetu: masomo kumeza muda wa mtoto, na wazazi kuogopa kumwachia nje.

Na nchini Denmark, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus walitoa mwaka 2019 matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 900,000 tangu utotoni. Waliokulia mahali penye miti na majani machache kabisa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, hadi asilimia 55, wa kupata tatizo la afya ya akili baadaye, hata baada ya kuzingatia kipato cha familia na historia ya wazazi. Mwembe mmoja uliobaki mtaani kwenu una thamani kubwa kuliko unavyodhani.

Tafuta saa kwanza, uwanja baadaye

Mtoto wa Dar es Salaam anaweza kuamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la shule, akarudi saa kumi jioni, akapitia tuisheni, akaingia madrasa, kisha akakuta kazi za shule mezani. Huyo hana mahali pa kuweka mchezo hata ukimjengea uwanja mlangoni. Kwa hiyo anza na ratiba. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani angalau dakika 60 kwa siku za kushughulisha mwili kwa nguvu ya wastani au kubwa. Wa miaka 3 na 4 wanahitaji dakika 180 zilizotawanywa mchana kutwa, 60 kati ya hizo ziwe za jasho, na wasikae mbele ya runinga au simu zaidi ya saa moja.

Kwa familia nyingi saa inayowezekana ni ile ya kumi na moja hadi kumi na mbili jioni: jua limepoa na bado kuna mwanga. Ilinde. Kazi za shule zihamie baada ya magharibi, kuoga kufuate mchezo, na kama tuisheni ni kila siku, zungumza na mwalimu mpunguze siku moja au mbili. Nina msimamo mkali katika hili: mtoto wa darasa la pili hahitaji tuisheni ya kila siku, anahitaji kukimbia. Mwanga wa mchana na uchovu wa kukimbia vitamletea usingizi mzuri, na mtoto aliyelala vizuri hukasirika mara chache na husoma vizuri zaidi.

Usitumie kumnyima mchezo kama adhabu. Mtoto aliyevunja kikombe anaweza kuzoa vipande na kufagia. Kumfungia ndani jioni nzima kunamnyima kile ambacho kingemtuliza. Walimu nao wanaowabakiza watoto darasani wakati wa mapumziko wafikirie upya. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa msimamo mwaka 2013 kwamba mapumziko ya shuleni yasiondolewe kwa ajili ya adhabu wala kwa ajili ya masomo.

Kulikagua eneo

Mwombe mtoto akutembeze. Muulize, "Mkicheza mnachezea wapi?" na umfuate bila kumkatiza. Utashangaa: nyuma ya banda la mkaa, kwenye msingi wa nyumba isiyokwisha, kandokando ya mfereji. Watoto wameshapima mtaa wote, na mahali wanapopapenda pana sababu yake: pana kivuli, pana mchanga, au hapana anayewafukuza. Kwanza jaribu kuparekebisha palepale kabla ya kuwatafutia pengine.

Kanuni ninayoifuata ni hii: mwachie mtoto hatari anayoiona, mwondolee asiyoiona. Tawi la juu analiona na anaweza kulipima. Msumari uliofukiwa mchangani, shimo la choo lililofunikwa kwa bati lililooza, waya wa umeme unaoning'inia na bodaboda inayokata kona hawezi kuvipima. Chukueni reki na ndoo Jumamosi asubuhi, wazazi wawili watatu, mkwangue mchanga kuondoa chupa na nyembe. Mashimo yafunikwe kwa zege au yazungushiwe uzio. Madimbwi yafukiwe, mbu wasizaliane.

Kama eneo linapakana na barabara, kaeni na vijana wa kijiwe cha bodaboda. Mkiwaomba kwa heshima wapunguze mwendo kwa saa ile moja, wengi husikia, maana watoto hao ni wadogo zao. Kwenye njia isiyopitika mbele, mnaweza kumwomba mwenyekiti wa serikali ya mtaa awaruhusu kuweka matairi mdomoni mwa njia kuanzia saa kumi na moja mpaka adhana ya magharibi.

Shule ya msingi iliyo karibu ni hazina inayosahaulika. Siku za Jumamosi uwanja wake huwa umefungwa. Mwombeni mwalimu mkuu lango lifunguliwe asubuhi, na mumpelekee majina ya wazazi watakaoshika zamu kila wiki. Bila majina hayo atakataa, na atakuwa na haki.

Palipo na bembea na telezo, zikagueni kabla ya watoto. Tikiseni nguzo. Tazameni vyuma vya kuning'inizia, kwani hulika taratibu kwa kusuguana na huonekana vizima kwa mbali. Chini pawe na mchanga laini wa kina cha sentimita 30 hivi, si saruji. Telezo la bati liguseni kwa nyuma ya kiganja. Saa saba mchana huweza kumbabua mtoto.

Vitu vya kuchezea vipo jalalani

Mwaka 1943 kitongoji cha Emdrup, jijini Copenhagen, kilifungua uwanja usio na bembea. Carl Theodor Sørensen, msanifu wa mandhari, alikuwa ameona kwamba watoto huviacha viwanja alivyovichora na kukimbilia mahali penye ujenzi, wakacheze na mbao na matofali. Basi pale Emdrup wakapewa mbao, kamba, matairi na majembe, wajenge wanachotaka na kukibomoa. Baada ya vita wazo hilo lilipelekwa Uingereza na Lady Allen wa Hurtwood, na viwanja kama hivyo vikaenea Ulaya. Watoto wa uswahilini wamekuwa wakifanya hivyo bila msanifu yeyote, na tatizo letu ni kwamba tunawagombeza kwa kuleta takataka nyumbani.

Wawekeeni sanduku la mbao au pipa lenye kifuniko. Ndani muwe na vifuu, makopo yaliyopondwa kingo zake, kanga kuukuu, kamba, vipande vya mbao vilivyong'olewa misumari, na mitungi ya plastiki. Kitu kisichokuwa na kazi moja humlazimisha mtoto afikiri: kanga leo ni paa la nyumba, kesho ni tanga la jahazi.

Tairi kuukuu la gari ndilo bora kuliko vyote. Lioshe kwa sabuni, papasa ndani kwa kiganja chenye kitambaa uone kama kuna nyaya za chuma zilizochomoza, na ukiziona lirudishe ulikolitoa, usijaribu kulitengeneza. Ukitaka kulifanya bembea, toboa matundu matatu manne upande utakaokuwa chini ili maji ya mvua yatoke. Tairi lenye maji ni kitalu cha mbu wa dengue. Lifunge kwa kamba nene ya manila kwenye tawi bichi la mwembe, na weka kipande cha gunia pale kamba inapogusa tawi. Kisha ning'inia mwenyewe. Likikubeba wewe, litambeba mtoto.

Kukaa kando

Hili ndilo gumu kwa mzazi, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote niliyoyataja. Mtoto amepanda mpera. Uko chini, na mdomo unawasha kusema, "Utaanguka wewe, shuka!" Ukisema kwa ukali atageuka kukutazama, mguu utateleza, na atakuwa amejifunza kwamba mwili wake si wa kuaminika. Sogea karibu na shina, nyamaza, vuta pumzi. Kama ni lazima useme, sema neno analoweza kulifanyia kazi: "Hilo tawi limekauka, shika lile bichi." "Mguu wa kushoto umeuweka wapi?" "Utashukaje?" Swali hilo la mwisho ni zuri sana, kwa kuwa mtoto anayefikiria kushuka hujua mwenyewe pa kukomea. Na usimpandishe kwa mikono yako. Alikofika mwenyewe anaweza kurudi; alikobebwa akawekwa hawezi.

Wavulana wakikabana, tazama nyuso kwanza. Wanaocheza wanacheka, wanapokezana kuwa juu na chini, na wakiachiana wanarudi pamoja. Wanaopigana wamekunja sura, mmoja yuko chini muda wote, na wakiachiana mmoja anaondoka. Ingia hapo. Ingia pia mtu akiokota jiwe, watoto wengi wakimzomea mmoja, au mkubwa akiwalazimisha wadogo. Ukishawatenganisha, usianze na "Nani kaanza?" kwa sababu utapata mashahidi wa uongo kutoka pande zote. Uliza, "Sasa mnaamuaje?"

Mtoto mwenye haya usimsukume katikati ya kundi. Kaa naye pembeni siku kadhaa, atazame. Kisha mwalike mtoto mmoja tu wa jirani aje acheze naye mlangoni. Akishapata mwenzake mmoja, kundi halimtishi tena. Changanya umri pia. Mkubwa akimfundisha mdogo kuruka kamba hujiona ana thamani, na mdogo humsikiliza kuliko anavyomsikiliza mama.

Mtu mzima aliye kando awe anajulikana na awe na kazi isiyomzibia macho: kuchambua mchicha, kusuka ukili, kumenya mihogo. Shikaneni zamu, na watoto wote wajue sheria moja: haondoki mtu na mtu yeyote, hata mjomba, kabla hajamwambia mwenye zamu. Ninasisitiza "hata mjomba" kwa kuwa wanaowadhuru watoto mara nyingi ni watu wanaowafahamu.

Wanaosahaulika

Hesabu wavulana na wasichana uwanjani saa kumi na moja jioni. Wasichana wengi wakati huo wako bombani, jikoni, au wamebeba mdogo wao mgongoni. Kazi za nyumbani zigawanywe, kaka naye achote maji, ili dada apate saa yake. Avae suruali au taiti ndani ya gauni aruke kwa raha. Wanapokua, mpira wa wavulana humeza uwanja wote, hivyo watengewe upande wao au siku zao, na waulizwe wenyewe ni kona gani wanaiogopa.

Mtoto mwenye ulemavu asiwe mtazamaji. Njia ya kuingilia ishindiliwe kifusi, kiti cha magurudumu kipite. Asiyeona acheze na mpira uliotiwa njuga ndani, ausikie unakotoka. Asiyesikia atahitaji ishara ya mkono ya kuanza na kusimama, na watoto wengine huizoea kwa siku moja.

Mchezo usipotosha

Mchezo haumalizi kila kitu. Mtoto aliyekuwa akicheza na sasa hataki, hali hiyo ikadumu kama wiki mbili, aliyeacha kukojoa kitandani na sasa ameanza tena, anayeigiza tukio moja la kutisha kila siku bila kulipatia mwisho, anayeshtuka akiguswa, anayesema heri asingezaliwa: huyo anahitaji msaada wa haraka. Mpeleke kituo cha afya au kwa afisa ustawi wa jamii. Tanzania na Kenya zote zina namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, na kuipiga ni bure.

Kulitetea eneo la wazi

Mkishalisafisha eneo na watoto wakaanza kujaa, atatokea anayelitaka kwa fremu za maduka. Haki ya mtoto kupumzika na kucheza imo katika Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Lakini karatasi hiyo haitajitetea yenyewe. Wakazi wa Nairobi wana Uhuru Park leo kwa sababu mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipinga jengo la ghorofa 60 kujengwa mle ndani, na msitu wa Karura jijini humo uliponea katika mapambano ya mwaka 1998 na 1999. Huko Dandora, mtaa mwingine wa Nairobi, vijana walizoa taka kwenye nyua za pamoja zilizo katikati ya nyumba, wakapanda majani, na kaya zikachangia matunzo.

Nendeni ofisi ya manispaa mkamwone afisa mipango miji. Ombeni kuona mchoro wa eneo lenu, muulize kama kipande hicho kimeandikwa eneo la wazi. Kama kimeandikwa, chukueni namba ya mchoro. Kisha andikeni barua fupi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkiomba ajenda iingizwe kwenye mkutano wa wakazi: eneo litengwe kwa michezo ya watoto, mipaka iwekewe mawe yaliyopakwa chokaa, na kamati ya watu watano iliangalie, wawili wakiwa akina mama wenye watoto wadogo. Taja namba ya mchoro, ambatanisha majina na sahihi za wakazi, na nakala iende kwa mtendaji wa kata na kwa afisa mipango miji. Nakala moja ibaki kwenu, igongwe mhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe.